Stadi Tano Fupi

Kwa maelezo ya Mama Pazia, mambo yalikuwa hivi. Jumanne alfajiri, kabla jua halijachomoza vizuri, alisikia mlango wa jirani ukilia. Akaamka, si kwa umbea, alisema, ila kwa sababu mgongo wake haumruhusu kulala ikishapita saa kumi na moja. Akasogeza pazia kidogo tu, kiasi cha jicho moja. Akamwona Mama Pacha amepiga magoti kando ya gari la mumewe, ana chuma kinachong'aa mkononi, anazungusha, anatulia, anaangalia nyuma, anazungusha tena, kama mtu anayefungua nati. Alipomaliza alisonya, akalitemea gari mate, akarudi ndani. Saa tatu na nusu asubuhi ileile mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Rimu, alikuwa anashuka mteremko wa sokoni. Gurudumu la mbele la kushoto likachomoka, likampita, likatangulia peke yake kama lina haraka ya kununua nyanya. Gari likaenda kulala kwenye ukuta wa ghala. Mguu wa Bwana Rimu ulivunjika mara mbili, na daktari alisema angekuwa amekaa upande wa kushoto tusingekuwa tunazungumzia mguu.

Mama Pazia alimaliza, akakunja mikono. Halafu akaongeza mambo ambayo hakuna aliyemuuliza. Kwamba Mama Pacha siku hizi hasalimii. Kwamba alinunua jokofu akalipitisha mlango wa mbele wakati wa nyuma ni mpana zaidi, ili watu waone. Kwamba gari likiwashwa asubuhi linatikisa vikombe vya watu wengine kabatini.

Mpelelezi aliyeketi mbele yake alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo ambaye kituoni walimwita Afande Futi, kwa sababu futi ya kupimia haitoki mfukoni mwake. Alimwacha Mama Pazia aongee mpaka maneno yakamwisha. Kisha akaomba asimame pale dirishani.

Akasogeza pazia kiasi cha jicho moja. Aliona ua wa jirani, kamba ya nguo, ndoo mbili, na doa la oili mahali gari hulala. Aliuliza gari huwa linalala vipi. Mama Pazia alijibu bila kufikiri, maana hilo analijua kuliko jina la baba yake: huingia kinyumenyume, pua huelekea getini, na upande wa dereva huwa huku kwake.

"Na siku ile Mama Pacha alipiga magoti upande upi?"

"Huu huu unaouona. Ningemwonaje angekuwa ule mwingine? Gari si kioo."

Afande Futi alimshukuru, akashuka uani. Alama za matairi zilikuwa wazi kwenye udongo. Alipima kutoka alama ya tairi la kushoto mpaka ukutani, akapata sentimita thelathini na moja. Alijaribu kuingia hapo kwa ubavu, akafika nusu. Ukutani kulikuwa na mikwaruzo ya kioo cha pembeni, mingine ya zamani. Bwana Rimu alikuwa analibana gari lake ukutani kila siku ili mlango wake yeye ufunguke wote.

Mama Pazia alikuwa ameshatoa kichwa dirishani. Afande Futi akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba gurudumu lililochomoka ni la upande wa ukuta.

"Basi labda alizunguka," alisema Mama Pazia.

"Apite wapi, mama?"

Mama Pazia alitazama ukuta, akatazama zile alama, akalinyoosha pazia lake ambalo halikuwa limekunjamana. Alichouliza baadaye ni kama maelezo yakishatiwa sahihi yanaweza kupunguzwa kidogo.

*

Kituoni saa ilikuwa tatu kasoro. Mkuu wa kituo alishasema: saa nane mchana jalada liende kwa mwendesha mashtaka, kosa ni jaribio la kuua. Koplo aliyemkamata Mama Pacha alikuwa ameandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, na hakupenda kuona mtu akilifungua jalada lake upya. Alisema kesi hii imenyooka kama reli. Mke anamwonea mume wivu, mke anaonekana na chuma, gurudumu linachomoka. Mume mwenyewe, akiwa bado na damu usoni, alitamka mbele ya mashahidi kwamba hapa duniani hakuna anayelichukia gari lake isipokuwa mkewe. Na mama mkwe alishakuja jana kuwachukua wale watoto mapacha, akasema hawatalala tena nyumba moja na mwanamke aliyetaka kuwaachia uyatima.

"Akifikishwa mbele ya hakimu," Koplo alisema, "watoto harudishiwi tena. Yule bibi namwona, si mtu wa kurudisha kitu."

Afande Futi alimkuta Mama Pacha amekaa kwenye benchi la chumba cha mahabusu, miguu ameificha chini ya gauni. Kiatu kimoja kilikuwa kimeachama mbele. Aliona Afande amekiona, akakirudisha nyuma zaidi.

Maelezo yake ya kwanza yalisema alikuwa anatafuta hereni iliyoanguka. Afande Futi alimwangalia masikio. Hayakuwa yametobolewa. Alikaa tu kwenye benchi lilelile na kungoja. Yeye akingoja huwa hatikisi mguu, wala hachezi na kalamu. Watu wengi hushindwa na ukimya wa namna hiyo kabla hawajashindwa na maswali.

"Haikuwa spana," alisema Mama Pacha mwishowe.

"Najua. Ilikuwa nini?"

"Waya wa kusugulia masufuria."

Ilitoka yote baada ya hapo, taratibu, macho yakiwa sakafuni. Alikuwa anasugua rimu. Alitaka ipoteze kung'aa. Alianza na moja ili aone kama mume atagundua. Mumewe huamka alfajiri na kulifuta gari kabla hajamjulia mkewe hali. Alilifuta kwa taulo la mkewe, taulo jipya la kuogea, la rangi ya zambarau, na mke alipolalamika aliambiwa taulo la dukani linakwaruza. Kama wiki mbili zilizopita alimwambia mumewe kuwa viatu vyake vimekwisha. Mume akacheka, akasema viatu vinakuja. Siku ya pili vilikuja kweli, vinne, vya aluminiamu, na vyote vikavishwa gari.

"Wenzangu wakiwa na mke mwenza, huwa ana miguu miwili," alisema. "Wa kwangu ana magurudumu manne. Nitamsema kwa nani?"

"Kwa nini hukumwambia Koplo?"

"Niseme naonea wivu bati? Mbele ya wanaume watatu na mmoja anaandika?" Alitikisa kichwa. "Nilisema heri waniite muuaji kuliko waende kunicheka barabarani."

"Na watoto?"

Hapo Mama Pacha aliinama. Alikishika kile kiatu kilichoachama akakibana kwa vidole viwili, kama anafunga mdomo wa mtu.

*

Gari lilikuwa nyuma ya kituo chini ya paa la mabati, limeinamia mbele kushoto kama mtu aliyepoteza kiatu. Afande Futi alianza na upande wa dereva. Rimu ya mbele kulia ilikuwa na mikwaruzo ya mviringo, midogo na mingi, nusu ya duara. Katika tundu la nati moja alikuta kipande cha waya mwembamba. Alikitoa kwa kibano, akakitia kwenye bahasha, akaandika juu yake. Nati zote tano za gurudumu hilo zilikuwa zimekaza.

Koplo, aliyemfuata mpaka pale, alikubali jambo la waya, lakini alisema haliondoi jambo la spana. Mtu anaweza kuwa na wivu wa kusugua asubuhi na wivu wa kufungua jioni.

Afande Futi aliinama mahali gurudumu lilipochomoka. Kitovu, pale gurudumu hufungwa, kilikuwa wazi. Stadi tano zilichomoza kutoka kwenye kitovu, ile misumari minene yenye meno ambayo nati za gurudumu hufungwa juu yake. Hakuna iliyokatika. Juu ya kitovu kulikuwa bado kumevikwa spesa, kipande cha aluminiamu cha mviringo kama sahani nene, kinachowekwa kati ya kitovu na rimu pana ili gurudumu lisogee nje na lisisuguane na vyuma vya ndani. Alikipima unene: milimita kumi na tano. Akapima stadi, jinsi zinavyopita mbele ya spesa. Milimita kumi na nne. Akapima tena moja moja. Zote tano sawa.

Nati mbili ziliokotwa na watu kule mteremkoni. Zilikuwa za urembo, zimezibwa kichwa kama kofia, kwa hiyo mtu akizitazama kwa nje haoni stadi imeingia kiasi gani. Alizimulika ndani kwa tochi. Mdomoni meno yalikuwa yameliwa, mistari mitatu tu, yamebaki kama mkate uliong'atwa. Kule ndani zaidi meno yalikuwa mapya kabisa, bado yana mafuta ya kiwandani. Hakuna stadi iliyowahi kufika huko.

Akasimama, akamwomba Koplo afungue magurudumu mengine matatu.

"Hayo hayajafanya kosa," alisema Koplo.

"Ndiyo maana nataka kuyaona. Lililochomoka limeangaliwa na kila mtu."

Koplo alileta jeki. Alifanya kazi akinung'unika, lakini alifanya. Lilipotoka gurudumu la kwanza alinyamaza. Lilipotoka la pili aliiomba futi mwenyewe. Stadi za magurudumu yale matatu zilikuwa ndefu, mpya, na zilipita mbele ya spesa kwa milimita ishirini na nane. Mara mbili ya zile za gurudumu lililochomoka. Zile tano zilikuwa fupi kwa sababu ndizo lilizotoka nazo gari kiwandani, na hazikuwahi kubadilishwa.

Afande Futi alichora kwenye daftari. Rimu yenyewe inakula milimita kumi kabla nati haijaanza kushika. Kwenye stadi ndefu inabaki kumi na nane za kushika. Kwenye fupi zinabaki nne. Nne ni mizunguko mitatu ya nati, basi. Inashika, inakaza, inapendeza, inatembea siku kadhaa barabara ikiwa nzuri. Halafu unakuja mteremko, breki na shimo.

"Hapa hakuna aliyefungua nati," alimwambia Koplo. "Nati zilikuwa zimefungwa. Zilikuwa hazina pa kushika. Kubadilisha stadi si kazi ya mama mwenye waya wa masufuria, na kuacha kubadilisha si kazi yake pia."

Koplo alifuta mikono kwa muda mrefu. Akauliza kama fundi hawezi kusahau tu.

"Anaweza," alisema Afande Futi. "Ndicho ninachokwenda kumuuliza."

*

Alipitia hospitali kwanza, maana ilikuwa njiani. Bwana Rimu alikuwa amelala mguu ukiwa juu, umefungwa plasta. Swali lake la kwanza lilikuwa kama rimu ya kushoto imekwaruzika sana. La pili lilikuwa kama zinauzwa mojamoja. Kuhusu mkewe hakuuliza.

Afande Futi alimuuliza kuhusu kazi ya kufunga zile rimu. Ilikuwa siku kumi zilizopita, alisema, kwa Fundi Stadi, yule anayefahamika na kila mtu. Alimkabidhi gari saa nne, akakaa pale mpaka saa saba na robo. Gurudumu la kwanza lilichukua saa nzima, la pili na la tatu hivyohivyo. La mwisho, la mbele kushoto, lilimalizwa kwa dakika kumi na tano. Alifurahi, alidhani fundi amepata kasi. Je, fundi alimwambia arudi baada ya siku mbili au tatu ili nati zikazwe tena? Hapana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, kwa sababu rafiki yake aliambiwa hivyo. Fundi akamwambia la kwake halihitaji.

"Mligombana?"

"Na fundi? Hata kidogo. Mtu mpole. Haongei, anahesabu tu."

"Na mke wa fundi?"

Bwana Rimu alikunja uso akitafuta. "Pale kuna mwanamke?"

Afande Futi aliandika hayo kama yalivyosemwa.

*

Kibao cha karakana kiliandikwa kwa rangi nyekundu: FUNDI STADI. STADI NDEFU, SPESA, RIMU ZA AINA ZOTE. Ndani palikuwa pamefagiliwa, vifaa vimetundikwa ukutani kwa ukubwa, kila spana ina kivuli chake kilichochorwa. Upande mmoja kulikuwa na kaunta yenye droo ndogondogo, na nyuma ya kaunta mwanamke mzuri wa uso wa duara aliyekuwa akipanga nati kwa rangi. Huyo ndiye mke wa fundi. Wateja humwita Dada Nati.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mikono mizito, sauti ndogo. Gari la mteja lilikuwa juu ya stendi, gurudumu moja limeshafungwa. Afande Futi alijitambulisha, akasema amekuja kujifunza, kwa sababu kazi hii haijui. Alimwomba afanye kama hayupo. Akasimama pembeni, mkoba mbele.

Fundi alifanya. Alichomoa stadi ya zamani kwa nyundo, mapigo matatu. Akasafisha tundu. Akaingiza stadi ndefu kwa nyuma, akaivuta kwa nati ya zamani na washa nne, vile vyuma vyembamba vya mviringo vyenye tundu, mpaka ikakaa. Akavika spesa, akaipangusa kwa kitambaa, akavika rimu. Kisha akachukua nati na kuizungusha kwa vidole, na midomo yake ikaanza kwenda.

"Moja, mbili, tatu, nne..."

Alifika kumi na mbili, nati ikagusa. Akachukua ya pili. Moja, mbili, tatu. Alihesabu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye kaunta, bila kujua kama anahesabu. Afande Futi aliuliza ni ya nini. Fundi alieleza kwa furaha, uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza. Kila mzunguko ni jino moja. Chini ya nane yeye hafungi, hata mteja alie. Alifundishwa hivyo na mjomba wake, na sasa hawezi tena kushika nati bila kuhesabu. Hata kifuniko cha chupa ya maji anakihesabu. Mkewe alisema bila kuinua macho kwamba hata usingizini, na kwamba yeye amezoea kuolewa na saa ya ukutani.

Fundi hakucheka. Alimtazama mkewe, akamtazama mteja aliyeketi mlangoni akisoma simu, akamtazama tena mkewe. Afande Futi aliona macho yake yakienda na kurudi njia hiyo mara tatu.

Ndipo akatoa picha mbili alizopiga kituoni na kuziweka kaunta, stadi ndefu na stadi fupi za gari moja.

Fundi alizitazama muda wa kutosha. Alisema ilikuwa bahati mbaya. Pakiti ya stadi ilikuja pungufu, badala ya ishirini zilikuwa kumi na tano. Alikusudia kumwita mteja zikipatikana nyingine. Watu wa duka la jumla wamekuwa wakifanya mchezo huo, aliweza kumpa Afande namba yao. Alikwenda kuitafuta.

Ilikuwa maelezo yenye akili. Afande Futi aliandika namba, kisha akamgeukia mke wa fundi na kuuliza, kama anauliza bei, stadi za saizi hiyo hukaa droo gani.

Dada Nati alivuta droo ya tatu. Zilikuwemo tano, ndefu, zimefungwa raba. Alisema alizikuta kwenye sanduku la vifaa la mumewe siku ileile ya rimu zile, jioni akifagia, akazirudisha mahali pake. Alidhani ni za akiba. Alisema huku akizitazama, na kabla hajamaliza sentensi sauti yake ilishapungua.

Afande Futi aliuliza swali lake la mwisho kwake yeye, si kwa fundi.

"Siku ile ulikuwepo. Gurudumu la mwisho alihesabu mpaka ngapi?"

Mteja wa mlangoni alikuwa ameacha simu yake.

"Mke wangu hawezi kukumbuka kitu cha siku kumi," alisema fundi.

"Tatu," alisema mkewe. "Ulihesabu tatu. Mara tano. Moja mbili tatu, moja mbili tatu. Nikadhani umekasirika, unaruka. Nikasema moyoni, leo huyu ana lake."

Mtu anaweza kusahau stadi, aliwaza Afande Futi, lakini hawezi kusahau stadi na kujisikia mwenyewe akisema tatu mara tano. Alimwambia fundi hivyo, kwa maneno machache kuliko hayo.

Fundi aliirudisha spana kwenye kivuli chake ukutani. Aliipangusa kwanza. Alisema hakutaka mtu afe. Alitaka gurudumu limwaibishe barabarani, mbele za watu, yeye na kung'aa kwake kote, basi. Alisema siku ile alikuwa amemaliza la tatu, yuko chini ya gari, haonekani. Yule bwana alikwenda kaunta kuuliza kitu. Aliona miguu yao tu, viatu vya yule na ndara za mkewe. Halafu akamsikia mkewe akicheka.

"Hujawahi kunichekea hivyo," alisema, sasa akimwambia mkewe moja kwa moja. "Miaka sita. Mimi nakujua unavyocheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia."

Mkewe alikuwa ameshika ukingo wa droo.

Afande Futi alitoka mlangoni kupiga simu. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Alimwambia mkuu wa kituo kwamba jalada lisiende, na kwa nini. Mkuu wa kituo aliuliza maswali mawili, akajibiwa. Baada ya muda simu ilishikwa na Koplo, akasema Mama Pacha ametolewa, amekataa kusubiri gari, ameondoka kwa miguu kuelekea kwa mama mkwe wake, na kiatu kimoja amekibeba mkononi.

Aliporudi ndani, fundi alikuwa ameshavua aproni na kuikunja. Alisema yuko tayari, hakatai kitu, ataandika kila neno. Mteja alitaka kujua gari lake litamalizwa na nani, hakuna aliyemsikia. Dada Nati alizitoa zile stadi tano kwenye raba, akazihesabu, akazipanga juu ya kaunta mbele ya Afande, kisha akaanza kusogeza nati nyeupe upande wa nati nyeusi, na nyeusi upande wa nyeupe.

Afande Futi alifungua bahasha. Fundi alimzuia kwa kiganja, kwa heshima, bila kumgusa.

"Afande, nakuomba jambo moja kabla hatujatoka. Mimi nikimuuliza hataniambia. Wewe muulize. Muulize mbele yangu, siku ile alicheka nini."

Afande Futi aliziingiza stadi kwenye bahasha, moja baada ya nyingine, na kuandika tarehe.

"Muulize tu," alisema fundi.

Mkewe aliendelea kupanga nati.